Mti wa Mpira wa Gleb

"Umemuua mwanangu mara ya pili!"

"Mama, si wewe uliyesema nyumba ipigwe na hewa—"

"Dakika tano! Nilisema dakika tano, sio mpaka—"

"—na samaki wako alivyonuka, ungelala humu?"

Hao ni mama yangu, Faina, na shemeji yangu Rimma, mjane wa kaka yangu Gleb. Hapa kwetu Yakutsk, Siberia, hata baridi iwe ya kupasua chupa, kile kidirisha cha juu lazima kifunguliwe kila asubuhi, eti hewa iliyolala ni sumu. Rimma alikifungua, akaenda kuoga, akakisahau. Na chini yake palikuwa na mti wa mpira wa Gleb, aliouleta mwenyewe kwenye chungu kabla mgodi haujamfukia. Sasa majani yalining'inia meusi, kama mchicha uliosahauliwa jikoni.

Mama akakibeba chungu akiweke juu ya bomba la joto. Rimma akamnyang'anya.

"Ukiuweka hapo ndio unaumaliza! Kilichoganda hakipashwi kama supu."

"Haya, daktari. Mti ukifa, wewe unarudi kwa mama yako."

Wote tulijua kwa mama yake kuna nini: chumba kimoja, na baba wa kambo asiyejua mikono yake inapaswa kuishia wapi.

"Na ukichipua?" Rimma akauliza.

"Ukichipua, kaa mpaka uoze. Senya, wewe shahidi!"

Nikainua kijiko nikaapa mbele ya uji. Sheria niliiacha chuoni mwaka wa pili. Kumbe kesi ilikuwa inanisubiri nyumbani.

Rimma akauweka mti kwenye kigoda katikati ya sebule, mbali na dirisha, mbali na bomba. Akaufunika mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Maji hakuupa mpaka udongo ulipokauka, tena kidogo tu, ya uvuguvugu. Akakata majani yaliyooza, shina akaliacha. Kila mara alikwaruza gome kwa ukucha, akichungulia kama ndani bado kuna kijani.

Mama naye hakuchoka. "Maiti yako imeamkaje leo? Nguo umeshakunja?" Kuna asubuhi alimwekea sanduku tupu mlangoni, akalifuta vumbi kabisa, mkarimu huyo.

Mimi nilicheka. Wallahi nilicheka.

Baridi ilipolegea na barafu ya mtoni ikaanza kulia ikipasuka, chipukizi likatokeza, jekundu, limechongoka kama ncha ya penseli. Rimma alituita tukiwa mezani. "Mama, njoo uone."

Mama akaja na chai yake. Akainama, akalitazama vizuri, tena kwa upole. Halafu akalibana kwa kucha mbili, tk, akalidondosha kwenye kisosi. Utomvu mweupe ukatiririka shinani.

"Chipukizi gani?" akasema. "Mimi silioni."

"Mama!" nikasema, blini, chapati yetu nyembamba, imejaa mdomoni.

"Wewe tafuna. Nyumba hii ina jina langu. Humu wanalala wanangu na wake za wanangu. Haya niambie, Rimma, wewe leo ni mke wa nani?"

Rimma hakulia. Alichukua kitambaa, akakikandamiza pale penye jeraha mpaka utomvu ukaacha kutoka. Akarudisha mfuko juu ya mti, akaunyoosha vizuri. Kisha akanigeukia mimi, na kidevu changu kinachometa siagi.

"Senya," akasema, "nioe."