Chuma Kisichocheza

Musallam bin Thabit alikuwa na sifa moja pale mjini Nizwa, nchi ya Waarabu, na sifa yenyewe ilikuwa ya uongo: kwamba anajua Kizungu. Si kwamba alikwenda sokoni akatangaza. Watu wenyewe walimpa. Miaka ile, na mimi nasema ule mwaka wa themanini na mbili, ukishasema umetoka Zanzibar, basi mbele ya watu umeshasoma, huna la kuongeza. Kumbe Musallam skuli ya Wete aliishia darasa la pili, akaenda kuanika karafuu za babake. Angesema, angebaki fundi kama mafundi wengine. Hakusema, akafanywa msimamizi wa gereji.

Karatasi za Kizungu zikija, alizikunja akazitia mfukoni, akisema mambo mazito hayasomwi wima. Nyumbani mkewe Mahfoudha, ambaye yeye alisoma kweli, alimsomea neno baada ya neno. Kesho yake bwana anarudi kazini mwanachuoni.

Sasa, mjini Ibra kulikuwa na shemegi yake, Yaarub, mume wa binamu yake Ghalia. Yaarub kazaliwa Tabora, kakulia nyuma ya meza ya duka, mtu wa bara mwenye moyo mweupe na papara nyingi. Alisikia kambi moja ya watu wa mafuta inafungwa huko jangwani na vitu vinauzwa, akaenda akanunua tela. Si tela la kubebea mchanga, la! Nyumba nzima juu ya magurudumu, ina kitanda, ina jiko. Alitaka kila wakati wa joto ahamie nayo Wadi Bani Khalid, kwenye mitende na maji, bila ya kuomba chumba kwa mtu.

Siku ya kwenda kulichukua alimpitia Musallam. "Twende, shemegi. Wale wanasema Kizungu kitupu, mimi nitauziwa mbuzi kwenye gunia." Ghalia naye alikuwemo, anataka kuliona jiko kabla hajaliamini. Ghalia na Musallam wamekua pamoja Wete, nyumba mbili ukuta mmoja.

Tela lile lilikuwa na pua ndefu iliyopanda juu ya bodi la pikapu, pale nyuma panapowekwa mizigo, na kukaa kwenye kifungio, yaani sahani ya chuma inayokazwa ndani ya bodi lenyewe. Na pikapu ya Yaarub ilikuwa ya bodi fupi. Aliipendea umbo. Mtunza ghala wa kambi, Mhindi mmoja mwembamba, Mmalabari, akatoa vifungio viwili akaviweka chini. Kimoja kimekaza, hakiendi mbele wala nyuma. Cha pili kimepandishwa juu ya reli mbili, ukivuta mkono wake kinarudi nyuma shibiri moja na nusu. Yule Mmalabari akasema sana. Akapiga piga bodi la pikapu, akasema tena. Musallam akawa anaitikia "yesi" kila anapovuta pumzi. Mwisho mtu wa watu akachoka, akampa karatasi iliyopigwa chapa, maneno matupu, picha hata moja hamna.

"Haya, msomi," Yaarub akasema, "tusomee. Tuchukue kipi?"

Musallam akaishika karatasi. Angeweza kusema nitaisoma nyumbani. Neno lilikuwepo, alilizoea, lingetoka bila ya aibu. Lakini Mmalabari anamtazama, Yaarub anamtazama, na Ghalia naye amesimama kando na buibui lake anamtazama. Akapitisha macho juu mpaka chini, midomo inacheza, akatikisa kichwa kama kadhi.

"Wanasema vyote sawa," akasema. "Ila mimi nakwambia kama fundi: chuma kinachocheza ni chuma kibovu. Chukua hiki kilichokaza."

"Wallahi nilijua!" Yaarub akasema. Ghalia akateremsha macho. Kifungio kikakazwa siku ile ile.

Wiki ya pili wakahama. Watoto walishatangulia na bibi yao. Musallam alialikwa kushuhudia safari ya kwanza, naye ndiye mgeni, kwa hiyo kiti cha mbele ni chake. Mbele hapo wangeweza kukaa watatu kwa kubanana, lakini Ghalia akasema yeye habanani na binamu wa kiume njia nzima, watu watasemaje? Ndani ya tela magodoro na magunia yamejaa mpaka mlangoni, na joto lake tanuri. Akapanda nyuma kwenye bodi, kama walivyopanda wanawake wote wa upande ule wa Sharqiyah siku zile, akakaa chini, mgongo kaegemeza kibini, chumba cha dereva, mkono wa kulia kashika bomba la chuma lililo nyuma ya kioo chake. Musallam aliona. Aliona, akafunga mlango wake akaomba kahawa.

Barabara kubwa ilikwenda vizuri, hata wakacheka. Walipoingia vijijini, njia ikabana baina ya kuta za mashamba, na penye mfereji wa falaji ikakata kushoto ghafla. Yaarub akazungusha usukani wote. Pikapu ikageuka, tela likabaki limenyooka, na pembe ya ile pua ikaja juu ya bodi fupi ikatafuta kibini. Ghalia alipiga ukelele. Yaarub akadhani anamhimiza, ukuta uko karibu, akazidisha moto. Kioo kikavunjika mgongoni mwao.

Kichwa cha Ghalia kilisalimika kwa kuwa alikaa chini. Mkono ndio uliobaki baina ya pua na bomba. Hospitali walimkata vidole vitatu, vya mkono ule ule uliokuwa ukishona kofia, na kofia za Ghalia zilivaliwa Ibra nzima siku za Idi.

Musallam alirudi Nizwa na ile karatasi. Tangu kambini ilikuwa katika mfuko wa dishidasha lake, kanzu ya safari, na hata hakujua kwa nini hakuitupa. Alimpa Mahfoudha bila ya kumtazama usoni.

Mahfoudha akasoma kimya kwanza, kisha kwa sauti. "Inasema, gari yenye bodi fupi lazima itumie kile cha reli. Kabla ya kukata kona kali, simama, kirudishe nyuma. Kile kilichokaza ni cha bodi refu tu, kwenye bodi fupi tela litagonga kibini." Akaikunja. "Ulipewa lini hii, Musallam?"

"Kabla."

"Kabla ya nini?"

Mahfoudha akaweka karatasi juu ya mto wa mumewe akatoka chumbani. Siku tatu hakumsemesha ila kumwita chakula.

Tena shauri halikuishia kwenye vidole. Lawama yote ilimwangukia Yaarub. Khalaf, kakake Ghalia aliyekaa mji wa Sur, mtu wa hasira za karibu, alisimama hospitali mbele ya watu akasema mume asiyesikia ukelele wa mkewe hana haki ya kuwa na mke. Yaarub hakujitetea. "Ni mimi," alikuwa akisema, analia waziwazi bila ya kujifuta. "Kanipigia kelele, nami nikakanyaga moto." Na Musallam yupo pale, kaja kumtazama mgonjwa, kakaa kitini, anasikiliza mtu anajishitaki kwa kosa lake yeye! Alitaka kusema. Akaishia kutoa pole. Na lililotia watu hofu zaidi ni kuwa Ghalia mwenyewe hakumjibu mumewe hata neno. Yaarub akiingia, yeye anageukia ukuta. Mwezi mzima hivyo, hospitali na nyumbani. Mwisho Khalaf akatuma habari: Ijumaa baada ya sala nakuja kumchukua ndugu yangu, na talaka itafuata.

Mficha uchi hazai, wamesema wazee, na Musallam alishajua hakitazaliwa kitu kizuri katika nyumba ile maadamu yeye amenyamaza. Ijumaa asubuhi akaendesha mpaka Ibra, akafika watu wanatoka msikitini. Njia nzima anajaribu maneno, yote yanamtetea, akayaacha.

Yaarub alimkaribisha, masikini, akamtilia kahawa. Sanduku la nguo la Ghalia lilikuwa mlangoni limeshafungwa kamba. Ghalia mwenyewe alikaa chumba cha ndani, pazia limefunguliwa nusu.

"Yaarub," Musallam akasema, "mimi sijui kusoma."

Yaarub akatabasamu. "Shemegi, leo si siku ya mzaha."

"Kizungu sijui hata herufi ya kusimama nayo. Siku ile kambini nilikudanganya." Akatoa karatasi. "Mahfoudha kanisomea. Imeandikwa humu: bodi fupi, kifungio cha reli. Hukumuumiza wewe. Hata ungeendesha kama malaika, kona ile ingempata. Nimemuumiza mimi, kisha nikakaa nikakuacha ulie."

Yaarub akasimama. Buli la kahawa likaenda chini. Alimshika Musallam ukosi akamvuta mpaka nyuso zikakaribia kugusana. "Mwezi mzima!" akasema. "Mwezi mzima najiona muuaji, nawe unakuja, unakunywa kahawa yangu!"

Musallam hakuinua mkono. Alitaka apigwe, wallahi, angepata nafuu.

"Mwache," sauti ikasema.

Ghalia alikuwa amesimama kwenye pazia, mkono wake wa bandeji kaupakata kwa mwingine. Lilikuwa neno la kwanza Yaarub kulisikia kwake tangu falaji.

"Mwache, Yaarub. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hajui kusoma. Nimekua naye, mimi. Mwalimu wa Wete alimfukuza nami nipo dirishani naona. Siku ile alipoishika karatasi ile nilijua anatuchezea. Na neno lilikuwa hapa." Akagusa mdomo kwa mkono mzima. "Nikasema, ndugu yangu huyu, mbele ya wageni, nimsitiri. Nimekuacha wewe ufunge chuma kile na mimi najua. Nikapanda nyuma ya gari na mimi najua. Kila ukiingia kuniomba radhi nashindwa hata kukutazama. Nitakutazama kwa uso gani?"

Mwezi mzima Musallam alidhani aibu ile ameificha peke yake, kumbe kuna mtu aliyemfichia, na vidole vitatu vimekwenda kwa ajili hiyo.

Nje gari likapiga honi. Khalaf kafika.

Yaarub alimwachia Musallam ukosi. Akamwendea mkewe, akautazama ule mkono. Kisha akainama akalibeba sanduku, na Ghalia akafumba macho. Yaarub alilipitisha kando yake akalirudisha chumba cha ndani.

Alipotoka hakumtazama Musallam. Alikwenda mpaka barazani akamwambia Khalaf, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima: "Dada yako haendi popote. Njoo umchukue huyu ndugu yako mwingine."