Kuku wa Kathini Juu ya Ghorofa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nane Julai, Muoki aliposikia watu wawili wakipanda ngazi pamoja, na wote wawili wanamtafuta yeye.

Kathini, mkewe, alifariki akamwachia kuku sita juu ya paa la ploti moja ya nyumba za kupanga pale Huruma. Keateka Kweyu, msimamizi wa jengo, alikuwa amekataza ukulima kwenye ploti, hata sukumawiki ya mkebeni. Muoki akamwapia kwamba hawa si mifugo, ni wa kukaa nao tu kama paka, na ili aaminike akawapa majina ya shemeji zake.

Kisha redio ikatangaza chakula cha kuku kimeondolewa ushuru. Muoki akakimbia agroveti, duka la chakula cha mifugo. Kumbe msamaha ni wa wakulima peke yao, na ni lazima afisa aje alione shamba. Ndivyo walivyo hawa wakubwa: wanakuondolea ushuru, halafu wanakuwekea ngazi. Lakini angefanyaje? Kwa bei ile ya ushuru, kuku wa Kathini wangeishia sufuriani kabla mwezi haujaisha. Basi akajiandikisha kuwa mkulima.

Afisa, Bi Adongo, alifika juu akihema. "Mzee wangu, shamba ndilo hili?"

"Ndilo, madam. Karibu shambani."

"Shamba?" Kweyu akachomoza nyuma yake. "Wacha mchezo, mzee! Si uliniambia hizi ni kama paka?"

"Paka pia ana shamba lake," Muoki akajibu.

Adongo akamwinamia kuku mwekundu. "Huyu anataga?"

Muoki akamtazama Kweyu. Akisema ndiyo, kuku watateremshwa leo leo. Akisema hapana, msamaha umekwenda.

"Kavinya? Anataga akijisikia."

"Serikali haijui kujisikia, mzee. Anataga ama hatagi?"

Hapo Kavinya, mdomo wazi kama shemeji mwenyewe, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia, akainuka, akaliacha yai limelala pale kwenye gunia. Kweyu akaliokota, akalipuliza vumbi, akamwonyesha Adongo. Adongo akafungua kalamu. Kwa mara ya kwanza wale wawili walikuwa upande mmoja.

"Sasa, mzee," Kweyu akasema polepole, yai mkononi, "tuambie sisi wote wawili, jibu moja tu: wewe ni mkulima ama si mkulima?"