Bibo la Ukurasa wa Mwisho

Katika darasa la awali pale Milola, kitabu kilichopendwa kuliko vyote hakikununuliwa popote. Kilikuwa cha karatasi za manila zilizoshonwa kwa uzi wa gunia, na aliyekitunga na kukichora alikuwa mwalimu wao wenyewe, Mwalimu Esha. Kiliitwa *Tuma Hamtaki Mgeni*. Tuma ni mtoto wa kike aliyezaliwa peke yake, akazoea, halafu siku moja akaletewa mdogo wake wa kiume. Anamtazama mgeni juu mpaka chini, kisha anauliza, "Huyu anarudi kwao lini?" Hapo watoto walijibwaga kwenye mkeka kwa kicheko. Ukurasa unaofuata Tuma anamfinya mgeni. Halafu anamvua kofia na kumvisha mbuzi. Picha zilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Hata yule mbuzi alichorwa uso wa mtu aliyeonewa.

Sasa uhodari huo ulitoka wapi? Haukutoka mbali. Mwalimu Esha alikuwa na binti wa miaka mitano, Sauda, na mtoto wa kiume wa miezi tisa, Abdurahmani, na kila alichofanya Tuma kitabuni Sauda alikuwa amekwisha kukifanya nyumbani. Swali la kurudi kwao lilikuwa lake. Mbuzi alikuwa wa bibi yake. Mama mtu alichungulia mlangoni, akacheka kimoyomoyo, akaenda kuchukua kalamu za rangi.

Na Sauda mwenyewe alisoma darasa hilohilo. Aliketi mbele, akacheka kwa sauti kuliko wenzake, maana mtoto anayechekwa na darasa zima ana mawili tu, alie au aongoze kicheko. Haikupita muda, pale shuleni hakuna aliyemwita Sauda tena. Walimwita Tuma. Esha alilisikia jina hilo likipigiwa kelele uwanjani na moyo ukamchoma kidogo, lakini akajiambia kwamba utani wa watoto hauna mizizi.

Nyumbani nako mambo hayakuwa mazuri kwa Sauda. Mama mkwe wa Esha, Bi Somoe, ni mwanamke mwenye moyo mweupe na mdomo usiojua kungoja. Miaka yote alimwita mkwewe "Mama Sauda", kama inavyopasa, kwa jina la kifungua mimba. Lakini alipozaliwa wa kiume, akapewa jina la babu yake, marehemu mume wa bibi huyo, bibi aligeuza akawa anaita "Mama Abdu". Mtoto mchanga akawa "mume wangu", na Sauda, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu ni "mke mwenzangu", akaambiwa asogee huko, hii si zamu yake. Watu wazima walicheka. Sauda naye alicheka. Nimekwisha kusema alikuwa hodari wa kucheka.

Msimu wa korosho ulipoanza, ikaja habari kwamba wageni kutoka Lindi wangefika Jumatatu kutazama vitabu vilivyotengenezwa na walimu. Kitakachopendeza kingechapwa na kugawiwa shule nyingine. Mwalimu mkuu, Mwalimu Stefano, alikipitia kitabu cha Esha, akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akasema, "Kasoro moja tu, Mwalimu. Binti yako huyu hatubu. Mpe mwisho mwema."

Alikuwa na maana ya Tuma, bila shaka.

Basi Esha akachora mwisho mwema: Tuma anampa mdogo wake bibo, lile tunda la mkorosho. Alichora bibo jekundu, limeiva, korosho yake imening'inia chini. Sauda alikuwa ameegemea bega lake.

"Mama, korosho hujainyofoa."

Mtoto wa huku, kabla hajajua kufunga kifungo cha shati, anajua kwamba bibo haliliwi mpaka korosho yake inyofolewe, kwa sababu ganda bichi lina mafuta yanayobabua ngozi. Esha alijua pia. Lakini mchoraji ana shida zake. Bibo bila korosho, ukilichora, linafanana na pilipili hoho.

"Nikiinyofoa halitajulikana, mwanangu."

"Mdogo wake ataungua."

"Haungui. La Tuma haliunguzi. Hebu nipishe mwanga."

Sauda akapisha. Aliitazama ile picha kwa muda, kidole mdomoni.

"Akishampa, Tuma anakuwa mzuri?"

"Anakuwa mzuri, na wote wanampenda," Esha akamjibu, akiwa anatafuta kalamu ya kijani.

Jumamosi asubuhi mumewe, Shamte, alikwenda shambani kuokota korosho. Bi Somoe alikuwa nyuma ya nyumba akizianika zile za jana. Abdu aliketishwa kwenye mkeka ukumbini, na Sauda akaachiwa kumwangalia. Kitabu kilikuwa hapohapo, kimefunuliwa ukurasa wa mwisho ili rangi ikauke. Esha alijifungia chumbani kupamba jalada, akiwaza wageni.

Kilichomtoa ni kilio, na si kile cha njaa wala cha kuanguka. Abdu alikuwa amejaa ute, midomo myekundu imeanza kuvimba. Mbele yake alipiga magoti Sauda, mkononi ana bibo, na korosho iliyoning'inia chini yake imepasuliwa kwa meno.

"Umempa korosho? Mbichi?"

Sauda alifungua mdomo kujibu. Kofi likawahi.

Bi Somoe akaingia mbio. "Yarabi! Kijicho hicho! Mtoto huyu ataniulia mume wangu!"

Walimwosha Abdu kwa maji na sabuni, Esha akamfunga mbeleko na kutoka mbio mpaka zahanati. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakampisha. Nesi Agnes alimtazama mtoto kinywani, akamsafisha, akampaka dawa, akasema wamshukuru Mungu hakumeza, atapona. Kisha akauliza, "Nani kampa?"

Esha angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ilikuwa bahati mbaya. Foleni nzima ilikuwa inamtazama, na mtu anayetazamwa hivyo hutafuta mahali pa kuutua mzigo.

"Dada yake," akasema. "Tangu azaliwe hamtaki."

"Kumbe Tuma yupo kweli!" akasema mama mmoja, ambaye mwanawe husoma kwa Esha. Watu wakaguna. Mpaka adhuhuri kijiji kizima kilikuwa na habari.

Aliporudi nyumbani, mkekani alikuta kitabu kikiwa bado wazi. Juu ya ukurasa, ili upepo usiugeuze, paliwekwa mabibo mengine, ya njano na mekundu, yote na korosho zake. Sauda alikuwa amechagua. Alitafuta linalofanana na lile la picha mpaka akalipata.

Esha akaelewa palepale. Mtoto hakumlisha mdogo wake sumu kwa wivu. Alikuwa amefuata somo, na somo lenyewe alilitoa mama. Na alikuwa ameuliza! Alisema wazi, ataungua, akaambiwa apishe mwanga.

Sasa hapo ndipo pa kusimama na kusema. Mama mkwe alikuwa uani, hatua chache tu. Lakini Esha aliwaza Jumatatu, akawaza uso wa Mwalimu Stefano, akawaza Bi Somoe akisimulia kwa majirani kwamba mwalimu mzima kachora namna ya kumbabua mtoto. Akakusanya mabibo, akakifunga kitabu, akakiingiza ndani. Alijiambia atasema baadaye, watu wakitulia. Siku nzima ikapita na bado hakusema.

Shamte alirudi alasiri akapokewa na maneno ya mama yake, marefu na yenye chumvi. Si mtu mkali, ila alipomwona mwanawe midomo imevimba, uso ulimbadilika.

"Sauda ataenda kukaa Kilangala kwa shangazi yake," akasema. "Mpaka Abdu aweze kutembea. Kesho asubuhi nampeleka."

Kisha akamgeukia mkewe. "Wewe unasemaje?"

Esha alimtazama binti yake. Sauda alikuwa amejikunyata pembeni ya mlango, kajifunika kanga mpaka puani, macho tu ndiyo yanaonekana, na macho hayo yalikuwa kwa mama yake.

"Labda apumzike kidogo huko," Esha akasema.

Mimi nikimfikiria mwanamke huyu namhurumia mara nyingi, lakini kwa neno hilo nashindwa.

Sauda hakula siku ile. Ugali alikataa, uji alikataa. "Amenuna," akasema Bi Somoe. "Mwacheni. Njaa haina kiburi."

Jumapili asubuhi Esha alifunga nguo za mtoto kwenye mfuko: magauni, viatu, ule ushungi wa madrasa. Nje Shamte alikuwa anafuta kiti cha pikipiki. Esha akachota maji, akamwita Sauda amnawishe uso kabla ya safari, na alipoishika ile kanga mtoto akaing'ang'ania kwa mikono miwili. Ikabidi aivute.

Midomo ya Sauda ilikuwa imejaa malengelenge. Kidevu kimebabuka, na ncha ya ulimi ilikuwa na kidonda cheupe. Alikuwa ameungua kuliko Abdu.

"Hiki nini? Sauda, nini hiki?"

Mtoto alisema polepole, maana kila neno lilikuwa linauma. "Nilimtafunia."

"Ulimtafunia nini?"

"Korosho. Abdu hana meno. Bibi anamtafunia muhogo, ndiyo anampa. Na mimi nikamtafunia."

"Haikukuunguza?"

"Ilikuwa inawasha. Nikadhani inawasha kwa sababu mimi bado sijawa mzuri. Ulisema la Tuma haliunguzi."

Esha alikaa chini sakafuni, maji yakamwagika. "Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

Sauda alifikiri, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo jibu lake linajulikana na wote. "Ulikuwa na Abdu."

Mficha uchi hazai, na Esha alikuwa ameficha wake vya kutosha. Alimbeba mtoto mkono mmoja, kitabu mkono wa pili, akatoka nje.

"Baba Sauda, weka pikipiki ndani. Mtoto haendi popote."

Alisema yote. Alifunua ukurasa wa mwisho akawaonyesha bibo lenye korosho, akasema nani alichora, nani aliuliza, na nani aliambiwa apishe mwanga. Alisema kwamba aliyajua tangu jana na akanyamaza. Hakuruka kitu. Mwisho akamgeuza Sauda wauone mdomo wake.

Shamte aliuchukua mfuko wa nguo akaurudisha ndani. Bi Somoe aliyainamia yale malengelenge kwa karibu, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, na alipoambiwa habari ya muhogo alijishika kinywa chake mwenyewe.

"Mke mwenzangu," akaanza, utani ukamshinda. "Mjukuu wangu. Umeniiga mimi." Kisha akasema bila kumtazama mkwewe, "Mama Sauda, mpeleke mtoto kwa nesi."

Zahanati Jumapili haina watu wengi, ila yule mama wa jana alikuwapo tena na mwanawe. Esha alimwambia Nesi Agnes, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwamba jana alimsingizia mtoto wake na kwamba kosa lilikuwa la mama. Yule mama akatazama chini. Lakini mwanawe, aliyekuwa kapakatwa, akafurahi kumwona mwenzake, akaita, "Tuma!" Neno likishatoka halina mbio za kulirudisha.

Jioni Esha alikaa mkekani na kitabu magotini. Alikuwa amekwisha kumwambia Mwalimu Stefano kwamba hakipeleki mbele ya wageni. Alitaka kuuchana ukurasa wa mwisho, mkono ukasita, na Sauda akaja kuegemea bega lake kama kawaida, midomo inang'aa dawa.

"Mama. Mama yake Tuma yuko wapi?"

Esha alirudi mwanzo, akafunua karatasi moja moja. Kulikuwa na Tuma. Kulikuwa na mgeni, na kofia, na mbuzi, na bibo. Tangu jalada mpaka mwisho hapakuwa na mtu mzima hata mmoja, na siku zote hizo hakuliona hilo.

"Alikuwapo," akasema.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anachora."

Esha alingoja acheke, maana Sauda alikuwa mtu wa kucheka. Lakini kucheka kulimuumiza midomo, kwa hiyo safari hii hakucheka.