Bei ya Kunong'ona

"Mimi sikuombi tena, nakwambia. Punguza. Nimesema jana, nimesema juzi, mpaka ulimi umeota sugu."

Msusi alikuwa katikati ya ua, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kitana. Mteja wake alikuwa ameachwa barazani na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka, lakini hakulalamika. Alikuwa amejivuta pembeni ya kiti asikose kitu. Milango ilikuwa imeanza kufunguka mmoja mmoja. Katika nyumba ile ya vyumba vinane ugomvi haukuwa wa watu wawili. Ulikuwa mali ya wapangaji wote, kama bomba na choo.

Upande wa pili, mbele ya beseni la nguo, alisimama binti wa chumba cha pembeni ambaye kila mtu alimwita Bei Chee. Redio yake ilikuwa dirishani, inapiga muziki kwa sauti ya kutikisa vioo. Alimkazia msusi macho mdomoni, kama mtu anayesoma bango lililo mbali, kisha akajibu kwa upole kwamba yeye hajagusa kamba ya mtu, nguo zake ataanika ukutani.

Watu wakaangua kicheko. Kamba imetoka wapi tena? Msusi hakucheka. Aliona anafanywa mtoto mbele za watu, na mteja wake yupo.

Ungeambiwa kwamba hawa wawili, miezi michache tu nyuma, walikuwa chanda na pete, usingeamini. Jina la Bei Chee alilitunga msusi mwenyewe. Lilitoka sokoni, kwenye meza za mitumba, kwa muuzaji mmoja mnene waliyemwita Mzee Robota. Mzee huyu alikuwa na bei mbili. Moja aliipigia kelele soko zima likasikia. Ya pili alikuwa haitangazi. Akikupenda, akikujua wewe ni mteja wake, alijifanya anakung'uta vumbi kwenye nguo, akakuinamia, akakunong'oneza bei ya mwisho sikioni, ili wa pembeni yako asisikie akaidai na yeye. Kunong'onezwa na Mzee Robota ilikuwa ni cheo. Kuna wanawake walikuwa wamenunua kwake tangu wasichana na hawajawahi kuinamiwa hata siku moja.

Bei Chee aliinamiwa kila wiki. Alikuwa na ulimi wa kumchekesha mzee mpaka akasahau hasara. Akirudi nyumbani alitandaza mawindo yake barazani, pazia, viatu vya ngozi, sweta lenye vifungo vya mti, akawaambia watu wakisie bei. Hakuna aliyewahi kupatia. Msusi ndiye alikuwa anacheka kuliko wote, anajipiga mapaja, anasema huyu mtoto siku moja atanunua na soko lenyewe kwa bei ya chumvi.

Na muziki. Kazini kwake, kwa fundi cherehani, alikuwa anapokea wateja mbele ya duka huku redio inaimba, na yeye hafuati sauti ya mwimbaji. Anafuata ile ya nyuma, ya waitikiaji, ambayo wengine hawajui hata kama ipo. Na jioni zilikuwa za hadithi. Watoto wa nyumba nzima walijaa miguuni pake. Alikuwa na kufungua kwake: yeye aliuliza, "Mlango?" wao wakajibu, "Uko wazi!" akauliza, "Ndani kuna nani?" wao, "Sisi na wewe!" Hapo ndipo sultani alipoingia, yule aliyeoa ufagio akidhani ni binti mwembamba, au yule fisi aliyekwenda kukopa aibu kwa jirani kwa sababu yake iliisha. Wakubwa nao walisikiliza, wanajifanya wanachambua mboga. Mboga za siku hizo zilichambuliwa mpaka zikabaki vijiti.

Furaha zake zilikuwa hizo tu, na zote, ukizitazama vizuri, ziliingilia mlango mmoja.

Zilianza kuondoka zile sauti nyembamba. Filimbi kwenye muziki. Birika likichemka. Halafu watoto. Aliwaona midomo inapanuka na hakuna kinachotoka, au kinatoka kama kinatokea chini ya mto wa kulalia. Akaongeza redio. Akaongeza tena. Hospitali walimfungia kwenye chumba kidogo wakamvisha vitu masikioni, wakamwambia anyooshe kidole kila akisikia, naye akakaa mle na kidole chake magotini mpaka akaona haya. Daktari alimwambia kwa kupaza sauti, mlango uko wazi na foleni nzima inasikia isipokuwa yeye, kwamba mishipa inakufa na haina dawa. Kulikuwa na chombo cha kuvaa, pengine kingesaidia kidogo, ila bei yake ilikuwa moja tu na haishuki kwa vichekesho.

Hakumwambia mtu. Si kwamba hakuwaamini majirani, alikuwa anawajua. Aliwapenda jinsi walivyo, na walivyo ni watu wa maneno. Wangemhurumia kwa siku chache, wangempigia kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, halafu wangechoka. Umbea hausemwi kwa kupaza sauti. Asiyesikia mnong'ono katika nyumba ile angeishi kama mgeni wa hoteli: anasalimiwa, anapewa ufunguo, basi. Akaona bora aonekane na maringo. Mwenye maringo husemwa, na anayesemwa bado yumo.

Basi akasemwa. Alipitwa na salamu za mgongoni, wakasema siku hizi hajibu watu. Pale dukani wateja walimwita asigeuke, fundi akamhamisha nyuma kupiga pasi kola, akimwambia ni kwa muda, na akawa hamtazami. Jioni aliuliza watoto, "Mlango?" akangoja. Wao wakajibu. Akangoja. Wakajibu tena kwa kupiga kelele, na yeye, akidhani wanamfanyia utani, aliuliza mara nyingine, mpaka mkubwa wao akasema dada huyu anatuchezea, wakaenda kucheza mpira. Tangu siku hiyo hadithi hazikuanza.

Lakini kilichomchimbia kaburi ni soko. Mzee Robota aliinama, akakung'uta, akanong'ona. Bei Chee alimwona ameinuka anangoja jibu. Bei hakuisikia. Kwa kuogopa kugundulika alitoa pesa za bei ya kelele, ile ya wajinga, akaondoka. Ikawa hivyo wiki hiyo, na iliyofuata. Mzee alichukia, ni kama mtu amempa mkono na mwenzake kautemea mate. Akawaambia wanawake wa meza za jirani kwamba yule binti sasa ana pesa za kuchezea, mnong'ono wake haumtoshi tena, na msichana wa kupiga pasi hana pa kutoa pesa za kuchezea ila kuna mtu. Kauli hiyo ilifika nyumbani kabla ya Bei Chee mwenyewe. Sasa likabaki swali la huyo mtu ni nani. Na msusi, ambaye mume wake ni dereva wa lori, na kwa muda sasa lori lilikuwa linarudi na mume akiwa mikono mitupu na ana visingizio mdomo mzima, alianza kulijibu swali lile peke yake, kitandani, ameangalia ukuta.

Ndiyo maana asubuhi hii redio ilikuwa ni kisingizio tu.

Bei Chee, alipoona watu wanacheka, naye alitabasamu ili awe pamoja nao. Akainamia beseni lake akaendelea kukamua nguo, mgongo kwa msusi. Kwa mtu anayekusemesha, hilo ni tusi kubwa kuliko tusi. Na msusi, nyuma ya mgongo ule, akasema lile alilokuwa amelibana kifuani. Alisema kwa sauti ya kawaida.

"Kama unalala na mume wangu, geuka uniambie usoni. Kama hulali naye, geuka useme hapana. Nitakuamini, mdogo wangu. Neno moja tu."

Bei Chee alikamua shati. Akalikung'uta. Akachukua jingine.

Wakaangaliana. Mteja mwenye nusu kichwa alishika shavu. Sikio la kufa halisikii dawa, alisema mmoja, na mwingine akaitikia kwamba kunyamaza ni kukiri, hata mahakamani iko hivyo. Msusi alibaki amesimama na kitana chake. Alikuwa ametarajia kelele, matusi, kuvutana nguo, hayo angeyaweza. Alichopewa ni mgongo unaofua.

Bei Chee alipogeuka kutafuta pa kuanika, alikuta nyuso zote zimemwelekea yeye. Alijua papo hapo kwamba kitu kimesemwa, kikubwa, na kwamba yeye alikuwa amekijibu bila kujua.

"Umesema nini, dada?"

Wakamzomea. Msusi akamsogelea mpaka pua kwa pua, akarudia, na kwa kuwa alikuwa karibu na alisema kwa uchungu, neno kwa neno, Bei Chee aliliona kila moja linapotoka. Mume wangu.

Angeweza kusema hapana. Lakini nani angeiamini hapana ya mtu aliyeulizwa akaendelea kufua? Ingebaki redio, ingebaki salamu, ingebaki pesa za sokoni, vyote vinasimama pale kama mashahidi waliolishwa maneno. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kujiokolea, na ni kilekile alichokuwa anakificha.

"Sisikii," alisema. "Masikio yangu yamekufa, dada. Hata sasa nakutazama tu mdomo."

"Leo ndiyo husikii," alisema msusi.

Hapo ndipo mama mwenye nyumba, mwanamke mzee ambaye hata kodi aliihesabu mbele ya taa, alipoondoka barazani na sinia kubwa la bati. Alizunguka taratibu nyuma ya Bei Chee, akaliinua juu ya kichwa chake mwenyewe, akaliachia kwenye saruji.

Alichokiona Bei Chee ni hiki: watoto waliruka wote kwa pamoja. Mteja alishika kifua. Msusi alifumba macho na kuyafumbua, na yakaenda mbali nyuma ya bega lake, yakarudi, na yaliporudi hayakuwa yale. Yeye mwenyewe hakuwa ametikisika hata ukope. Akageuka, akaona sinia linacheza chini, linazunguka kwa ukingo wake, linatulia. Akaelewa amepimwa kama mbuzi wa mnadani, na kwamba amefaulu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Aliingia chumbani kwake akaizima redio. Ilibidi aangalie taa yake nyekundu kujua kama kweli imezimika. Akakaa kitandani.

Mchana kutwa aliwaona kupitia pazia, wawili wawili, vichwa vimekaribiana, mikono mdomoni. Hawakuwa na haja ya kuficha mdomo, lakini mazoea. Mmoja alipita dirishani akampungia mkono mkubwa, wa kupungia meli, na tabasamu la wodini. Ilikuwa imeanza. Kesho wangemletea matunda. Keshokutwa wangesema maskini. Halafu siku moja kungetokea jambo, ndoa imevunjika au mtu kakamatwa, ua mzima ungechemka, na yeye angeuliza kuna nini, nao wangesema, "Hakuna kitu," kwa sababu kumweleza ni kazi.

Aliweka kiganja juu ya redio, akaiwasha. Ilitetemeka chini ya mkono wake kama mnyama mdogo anayeumwa. Hakuna wimbo uliomo ndani ya mtetemo. Alijaribu kuikumbuka ile sauti ya waitikiaji wa nyuma, akaipata nusu, na nusu nyingine akawa hajui kama anaikumbuka au anaitunga. Hilo ndilo lililomliza. Alikuwa amedhani walau vya zamani atabaki navyo.

Alilia, akijua hajui analia kwa sauti gani na nani anamsikia ukutani. Kisha jua lilipolala, kwa kuwa tumbo halina kilio, aliinjika wali. Alipima kama alivyozoea, wa watu wengi, maana hajawahi kupika chakula cha mtu mmoja tangu ahamie nyumba ile.

Alikuwa anaepua sufuria alipoona kivuli sakafuni. Msusi alikuwa mlangoni. Hakujua amebisha tangu saa ngapi, au kama alibisha. Nywele za wateja zilikuwa bado zimemganda vidoleni, na alikuwa anazinyonyoa moja moja, ameinamisha kichwa, na anaongea. Aliongea sana. Mabega yalipanda na kushuka. Kuna mahali alisimama, akajifuta pua kwa kiwiko, akaendelea. Bei Chee alikuwa anaona utosi tu, mstari mweupe wa ngozi katikati ya nywele zilizosukwa vizuri, na mdomo wote uko chini huko unasema na sakafu.

Pengine alikuwa anaomba radhi. Pengine alikuwa ametumwa na mama mwenye nyumba kumwambia atafute chumba kwingine. Pengine alikuwa anasema kuhusu mume wake, na kwamba sasa, kama si huyu, hajui ni nani. Lingeweza kuwa lolote katika hayo, na yote yalikuwa yanampita.

Hatimaye aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, lakini macho huwa mekundu kwa hasira pia. Alikuwa amemaliza. Alikuwa anangoja jibu.

Bei Chee alisimama na sufuria mkononi, mvuke unampanda usoni. Hakuwa na nguvu ya kumwambia arudie, na hakutaka kujua.

"Sijasikia hata neno moja, dada," alisema. "Ingia ule."