Kamba ya Yasmina yenye Mafundo
Mwaka 1992 nilikuwa na wasichana saba na vyerehani vinne katika chumba cha kupanga mtaani Rwezamenyo, na nakiri nilikuwa mkali kama pilipili. Watawa walionifunza ushonaji walinifunza jambo moja: kwanza mchoro kwenye karatasi, kisha kitambaa. Asiyechora hashiki mkasi. Basi.

Générose alichora vizuri hadi nikamwonea wivu. Yasmina, mjukuu wa fundi wa kanzu wa mtaa uleule, hakuweza kabisa. Wiki tano alilikodolea macho gazeti la kuchorea, rula mkononi, akinichorea mikono ya blauzi iliyofanana na viazi. Nikamwambia mbele ya wenzake: Ijumaa asipochora, arudi kwao. Nilijua hakuwa na pengine pa kujifunzia kazi.

Ijumaa akaja bila karatasi. Mkononi alishika kamba.

"Madamu, samahani. Karatasi iko inanishinda. Simama kidogo, nikupime."

"Unipime mimi?"

"Yego, ndiyo. Babu alikuwa anafanya hivi."

Sijui kwa nini nilisimama. Labda nilitaka aaibike vizuri, kisha aondoke. Alinizungushia ile kamba, akafunga fundo kila alipofika: begani, kwapani, kiunoni. Mara anafumba macho, anapapasa. Halafu akatandaza kitambaa, akakata bila mstari hata mmoja. Roho iliniruka. Wasichana waliacha vyerehani, hata Générose.

Alasiri, alipomaliza kushona, nikaivaa blauzi. Ikanikaa.

Nieleze. Bega langu la kushoto limeshuka tangu nizaliwe. Miaka kumi na mmoja nilijishonea nguo kwa mchoro wangu safi, mabega sawasawa, kisha najifunika kitenge nisionekane. Yasmina alilijua bega hilo kwa kiganja, na hakusema neno mbele ya wenzake.

Nililia, tena waziwazi. Nikamwambia akae kwenye cherehani cha dirishani, kile kizuri.

Laiti ningeweza kukirudisha chumba kile, na kelele zake, na harufu ya mafuta ya mashine. Mauaji ya mwaka 1994 yalitutawanya, wengine sikuwaona tena. Lakini alasiri ile wote saba walikuwepo. Nilivuta kiti karibu na Mukunde, ambaye kila siku nilimfumulia mishono, nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza mwanafunzi.

"Wewe, mwanangu, ukifundishwa vipi ndiyo unaelewa?"

Akaniangalia kwa woga, akidhani ni mtego.