Sharubu Amzuia Adui Yake

Siku Manukato alipoanza kufungasha vioo vyake, Sharubu alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Miaka yote hiyo vinyozi hao wawili walikuwa wakitazamana uso kwa uso, barabara katikati, kila mmoja akimwombea mwenzake mabaya. Manukato akileta taulo la moto, Sharubu analeta feni. Sharubu akileta feni, Manukato anawakanda wateja mabega mpaka wanakoroma. Sasa Manukato amechoka, anahamia kwa mjomba wake. Ushindi ulioje!

Asubuhi hiyo Sharubu alichelewa kufungua, akapiga miayo, wala hakuchemsha maji. Ajisumbue kwa ajili ya nani? Mteja wa kwanza, mwalimu wa sayansi, alijipangusa kwa taulo la jana, akajitazama kiooni.

"Fundi, mbona upande mmoja umenikwangua, mwingine umeuacha msitu?"

"Zitaota tu, mwalimu."

"Kuna ndege waliofika visiwani wakakuta hakuna wa kuwala," alisema mwalimu. "Wakastarehe. Kizazi baada ya kizazi mabawa yakanywea, wakabaki kutembea tu."

"Si raha hiyo?"

"Raha tupu. Mpaka siku paka aliposhuka melini."

Mwalimu akaenda zake. Sharubu akabaki anaitazama mikono yake. Aliona aibu ya kweli. Kabla ya Manukato kuja mtaani alikuwa kinyozi wa ovyo, na asubuhi moja tu ilitosha kumrudisha kulekule.

Akavuka barabara. Kubembeleza hawezi, hajawahi kumwomba Manukato hata kiberiti. Akasimama mlangoni, akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Kimbia, bwana! Mjomba akupe ufagio, wembe umekushinda!"

Manukato alikuwa amekumbatia kioo kikubwa. Akakiweka chini polepole.

"Nani anakimbia?"

"Wewe hapo! Mikono yenyewe inatetemeka!"

"Mke wangu!" Manukato aliita. "Fungua maboksi! Huyu simwachii mtaa!"

Sharubu akarudi kwake mbio, akabandika maji, akanoa wembe huku anaimba. Raha hiyo ilidumu hadi adhuhuri, alipochungulia nje akamwona mkwewe, baba mzazi wa mkewe, amejilaza kwenye kiti cha Manukato, anakandwa mabega, anakoroma.

"Mshenzi huyu, leo atanitambua!" alinguruma Sharubu, machozi ya furaha yakimlengalenga. Akamdaka mpita njia wa kwanza, akamkalisha kitini, akaanza kumkanda kabla hata hajamuuliza kama anataka kunyolewa.