Maisha ya LaVonne Kule Duluth

Ardis aliamshwa na harufu ya breki. Alikuwa amelala kitandani nyuma ya gari-nyumba, viatu kaviacha sakafuni, na alipoketi aliona kwenye dirisha dogo ziwa lisilo na ng'ambo, daraja la chuma, na mji uliojibandika kwenye mteremko. Aliujua kwa picha. Kwa miaka sita alikuwa akiukwepa.

"Marlys!" aliita. "Hapa ni wapi?"

"Duluth, mama. Nimekuja kuona daraja linalopanda juu," Marlys alijibu kutoka kwenye usukani. "Kila mwaka unatuzungusha huko maporini kama wezi wa ng'ombe. Leo ulipoanza kukoroma tu, nikakata kona."

"Breki zinaungua!"

"Naisikia harufu. Nina pua."

Walikuwa wanawake watatu wa mji mmoja mdogo wa Iowa, wote wa miaka sitini na saba, na kila kiangazi walizunguka nchi pamoja. Gari lilikuwa la Ardis na njia ilikuwa ya Ardis, hata kahawa ilinywewa Ardis aliposema inywewe. Marlys alikuwa msusi mstaafu, msemaji, mlaji asiyechoka. LaVonne alikuwa mkimya. Miaka arobaini na mmoja alikaa meza moja na Ardis katika ofisi ya ghala la mahindi, Ardis akiandika uzito na yeye akiandika unyevu. Hakuolewa. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini huku akifanya kazi, na Ardis aliipenda sauti ile kuliko alivyowapenda waume zake wawili, na hakutaka mtu mwingine aisikie.

Gereji ilikuwa katikati ya mteremko. Fundi, mtu wa miaka hamsini mwenye kipara, jina lake Duane limeshonwa kifuani, alitambaa chini ya gari, akatoka, akafuta mikono, akampita Ardis mwenye gari kama anapita nguzo, akasimama mbele ya LaVonne.

"Mwalimu," alisema. "Ulipotelea wapi? Alhamisi tumeimba bila wewe. Aibu tupu."

LaVonne alimtazama. "Sauti ya pili ilipanda tena?"

"Ikapanda."

"Si nilikwambia usimwache Gary aanzishe?"

"Mmejuana wapi nyie?" Marlys aliuliza.

"Nilimfundisha muziki darasa la sita," LaVonne alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo, akaongeza, "Mji huu sijawahi kufika. Lakini nilimfundisha. Alikuwa anatafuna penseli."

"Mpaka leo natafuna," alisema Duane, akawaambia breki zitakuwa tayari saa kumi.

Ardis alitaka wasubiri palepale.

"Tusubiri gereji?" Marlys alisema. "Tumekuwa matairi?"

Sasa hapa lazima niseme habari ya barua, maana Ardis mwenyewe alikuwa ameinyamazia kwa miaka arobaini na minne. Mwaka wa sabini na nne, wakiwa wasichana, yeye na LaVonne walipanga chumba cha juu kwa mjane mmoja. LaVonne alikuwa na cheti cha muziki na alikuwa ameomba kazi ya ualimu Duluth. Ardis ndiye aliyekuwa akishuka kwanza asubuhi. Siku moja ya mwezi wa Mei akaikuta barua, akaifungua akiwa amesimama, akaisoma mara mbili, akaitia kwenye jiko la mjane. Kisha akakaanga mayai. Kiangazi kizima LaVonne alikwenda kwenye sanduku la barua akarudi mikono mitupu, na Ardis akawa anamfariji: "Watu wa mjini wanaringa, mwenzangu. Njoo ofisini kwetu, meza ipo." Hakumchukia hata kidogo. Alimpenda, na roho yake haikukubali apendwe na watu ambao yeye hawajui.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Duluth haikuwa imeyasikia hayo. Ilisubiri jibu mpaka tarehe ya mwisho, jibu halikuja, shule ikafunguliwa, na kwa kuwa watoto hawakai bila mwalimu wa muziki, maisha ya LaVonne yakaanza bila yeye. Yaliendelea vizuri. Alikuwa amekosekana wiki moja tu, watu walisema, na wiki moja si kitu.

Wakashuka kwa miguu mpaka ziwani. Mwanamke wa duka la samaki alitoka nje na aproni yake ya mpira, akampa LaVonne samaki wa moshi aliyefungwa kwenye karatasi. "Huyu wako. Nimekuwekea tangu Jumamosi." Msichana aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto alimsimamisha ili mtoto ambusu. Dereva wa basi alifungua mlango katikati ya barabara kumuuliza kama goti limepoa. LaVonne aliinama, akalikunja goti, akasema limepoa.

"Na hawa?" mwanamke wa samaki aliuliza.

"Rafiki zangu. Tunasafiri pamoja."

"Aa," alisema yule mwanamke, akimwangalia Ardis toka kichwani hadi kwenye viatu, akarudi ndani.

Aa! Miaka arobaini na minne ya kupeana aspirini na kukopeshana soksi, na yote imejibiwa kwa herufi mbili. Ardis alihisi wivu umemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na samaki mwenyewe hata hakuwa amemwonja. Marlys alikuwa amemla nusu.

Darajani walikuta watu wamekusanyika. Daraja lilipanda lote kwa pamoja kama dirisha la basi, na chini yake ikapita meli ya madini, ndefu kuliko mji waliozaliwa. Meli ikapiga honi, daraja likajibu. Halafu meli ikapiga honi moja zaidi, ya chini, ya taratibu.

"Hiyo ya mwisho ni ya Eino wako," mzee mmoja alimwambia LaVonne, akivua kofia. "Hawajaacha. Na hawataacha."

"Miaka minne sasa," alisema LaVonne, machozi yakamtoka. Mumewe alikuwa ameendesha daraja lile kwa miaka thelathini. Asubuhi alipoamka LaVonne hakuwa mjane, na sasa alikuwa mjane, na uchungu ulikuwa uleule wa wajane wote. Marlys akampa leso.

Ardis alikuwa na waume wawili. Mmoja alitoroka na mwanamke wa duka la matrekta, mwingine alihamia Arizona, wote wazima wa afya, na hakuna meli hata moja iliyowahi kuwapigia honi.

"Mbona umenuna?" Marlys aliuliza.

"Sijanuna. Ni jua."

"Jua gani kwenye ukungu huu? Mwenye wivu ajinyonge, bibi."

Miguu ya LaVonne ikashika njia ya kupanda, nao wakaifuata. Nyumba ilikuwa ya manjano, mwisho wa mtaa mwembamba usio na njia ya kutokea. Kwenye sanduku la barua paliandikwa jina la Eino na jina lake. LaVonne aliingiza mkono chini ya chungu cha maua bila kutazama, akatoa ufunguo. Ndani kahawa ilikuwa bado ina moto. Palikuwa na piano, koti la kijivu la kipimo chake, na miwani ambayo, alipoivaa, aliona vizuri kuliko kwa ile aliyotoka nayo Iowa. Picha zilipanda ukuta wa ngazi mpaka juu.

Eino alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana na macho ya kucheka. Hata marehemu wake ni mzuri, Ardis aliwaza.

"Jamani, huyu si mimi?" Marlys alisema kutoka ngazi ya nne. "Ni mimi! Arusini kwako. Tazama, nimeshika sahani."

"Ulikula vipande vinne vya keki," LaVonne alisema.

"Ilikuwa ya ndimu. Nimeikumbuka."

Ardis alipanda ngazi akitazama picha moja moja. Madarasa ya watoto, mwaka baada ya mwaka, Duane na penseli yake. Barafu ziwani. Kwaya. Eino na samaki, Eino na theluji, Eino mgonjwa. Akafika juu, akashuka, akapanda tena. Mara ya tatu alipitisha kidole juu ya kila uso. Marlys alikuwamo, tena mara mbili, ya pili akiwa na nywele nyekundu. Hata yule mjane aliyewapangisha chumba alikuwamo, ameketi kwenye kiti cha arusi na mkoba wake.

"Pengine wewe ndiye uliyekuwa ukizipiga," alisema LaVonne. Alisema kwa wema.

"Nilijua!" Ardis alisema. Sauti yake ilijaa ngazi nzima. "Nilijua tu. Siku ile nilipoisoma barua nilijua ukienda huko utanisahau, na tazama! Nimesema uongo? Hata Marlys!"

Marlys aliweka kikombe chini. Saa ya ukutani iligonga saa tisa, ikamaliza.

"Ilisemaje?" LaVonne aliuliza.

Ardis alishika reli ya ngazi. Aliijua kwa moyo. Walimwengu wengi hawazikumbuki barua walizozitunza kama yeye alivyoikumbuka aliyoichoma. "Ilisema wamefurahi sana na uimbaji wako. Ilisema darasa lako lina madirisha mawili yanayotazama ziwa. Ilisema ujibu kabla ya tarehe kumi na tano Juni."

"Mimi nilikwenda kwenye sanduku mpaka Agosti."

"Najua. Nilikuwa nakutazama dirishani."

LaVonne alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena.

"Na mimi je?" Ardis aliuliza. "Ningebaki na nani mimi?"

LaVonne alikusanya vikombe, akaviosha, akavipanga kwenye kabati bila kuuliza kabati ni lipi.

Saa kumi Duane alilileta gari-nyumba mwenyewe mpaka mlangoni, kwa heshima ya Mwalimu, jambo ambalo lilikuwa zuri isipokuwa mtaa ule haukuwa na mahali pa kugeuzia. Ilibidi warudi kinyumenyume mpaka barabara kubwa, magari yamepangwa kulia na kushoto. Gari la urefu ule halirudi nyuma bila mtu wa kusimama nje na kuelekeza kwa mikono, na wenye magari hayo wanajua ndoa ngapi zimevunjikia hapo. Kwa miaka sita Ardis hakumwamini yeyote isipokuwa LaVonne.

LaVonne alitoka amevaa lile koti la kijivu. Marlys alikuwa amekwisha kulishusha sanduku la nguo la LaVonne na mto wake, akaviweka barazani. Walikumbatiana muda mrefu, Marlys akilia bila aibu na kumwambia atunze goti. Kisha Marlys akapanda garini.

Ardis, kwenye usukani, alishusha kioo. Maneno ya kuomba radhi alikuwa nayo mdomoni, ameyapanga tangu jikoni, mafupi na ya kweli. Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Marlys alialikwaje arusini?"

LaVonne alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta jambo la zamani.

"Alinitumia kadi ya pongezi," alisema. "Nilipopata kazi."

Akaenda nyuma ya gari, akasimama pale ambapo Ardis angemwona kwenye kioo cha pembeni, akainua mikono. Kushoto. Kushoto tena. Nyoosha. Taratibu. Ardis alifuata ile mikono miwili inchi kwa inchi, na hawakugusa gari la mtu hata moja. Walipofika barabara kubwa, LaVonne alikunja ngumi zote mbili juu: simama. Halafu akashusha mikono, akageuka, akapanda mtaa haraka kidogo, kwa sababu watu wa sauti ya pili walikuwa wameshafika barazani wakimsubiri.

Marlys alikuja mbele, akipangusa pua.

"Nikae hapo?"

"Hapana."

"Kiti kitupu, Ardis."

"Kina mwenyewe. Kaa nyuma."

Marlys alirudi nyuma akafunga mkanda. Ardis akaokota mkoba wake sakafuni, akauweka juu ya kile kiti ili kisikaliwe, akaachia breki.